Mahali pa Kuweka Mafiga

Kitinda mimba wetu ni mtumishi wa Serikali. Mwaka jana alipata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, na kabla hajafunga virago alinipigia simu. "Shikamoo baba. Tumehamishwa. Hivi tukakae wapi?" Alikuwa na majina mengi: Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni, Ihumwa. Alikuwa amekwisha kuandika kodi za nyumba, nauli ya kila siku hadi mji wa Serikali pale Mtumba, shule za watoto na siku ambazo maji hutoka bombani. Alinisomea yote kama mwanafunzi aliyejiandaa vema kwa mtihani. Kisha akanyamaza akisubiri mwalimu asahihishe.

Sikusahihisha. Nilimwomba anipe siku chache nifikiri, kwa sababu swali lile nilipata kulijibu mimi mwenyewe zamani, tena nikalijibu vibaya. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyafikiri siku hizo, nikiwa nimekaa chini ya mwembe wangu hapa Lupiro. Huenda yakamfaa na msomaji mwingine ambaye naye amepakia vyombo na hajui atavishusha wapi.

Kwanza nieleze Lupiro ni wapi. Ukitoka Ifakara ukavuka mto Kilombero kwenda kusini, baada ya mwendo wa kama kilomita 30 unafika kwenye njia panda. Njia moja inapanda milima kwenda Mahenge, nyingine inaambaa na bonde kwenda Itete na Malinyi. Penye njia panda hiyo ndipo sisi tulipo. Kaskazini, ng'ambo ya bonde, unaona milima ya Udzungwa kama ukuta wa buluu. Kusini ipo milima ya Mahenge. Maji ya milima yote hiyo hushuka bondeni, hukusanyika katika Kilombero, na Kilombero hukutana na Luwegu ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Wakati wa kiangazi bonde hili ni nyasi, vumbi na moshi wa mioto. Wakati wa masika sehemu kubwa yake ni ziwa. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Sisi wakazi hatukuhitaji orodha kujua kwamba hapa maji ndiyo mwenye nyumba na sisi ni wapangaji.

Wa kwanza kulielewa jambo hilo walikuwa Wandamba. Hao ni watu wa mto, wavuvi wa kambale na perege, mafundi wa mitumbwi, na wakulima wa mpunga tangu zamani. Mtu wa namna hiyo hakuwa na makazi mamoja. Alikuwa na mahali pa kiangazi na mahali pa masika, na penye maji alijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, maji yapite chini na yeye alale juu. Mgeni akiona dungu hudhani ni umaskini wa mtu asiyeweza kujenga nyumba. Kumbe ni elimu. Ni jibu la swali ambalo mgeni bado hajaulizwa.

Waliofuata walichagua kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1860 Wambunga waliingia bondeni kwa mikuki, wakafanya eneo la Ifakara kuwa lao. Wapogoro wengi walikaa juu, milimani, ambako adui huonekana kabla hajafika. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge tarehe 30 Agosti, wakaanguka kwa mamia mbele ya bunduki za rashasha. Baadaye Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wazee niliowakuta hapa walizaliwa na wazazi waliookoka njaa hiyo. Walikuwa wakisema kwamba baba zao hawakuuliza mahali ni pazuri kiasi gani. Waliuliza kama pana mizizi ya kuchimba na kama pako mbali na barabara ya askari.

Nikitazama historia hiyo naona kwamba kila kizazi kilichagua makazi kwa kufuata kile kilichokiogopesha. Aliyeogopa mkuki alipanda mlima. Aliyeogopa njaa alishuka mtoni. Aliyeogopa maji alijenga dungu. Kosa huja pale mtu anapohama akiwa na hofu ya kule alikotoka, akasahau kuuliza hofu ya kule anakokwenda.

Kosa hilo liliwahi kufanywa na taifa zima. Mwaka 1973 yalitolewa maamuzi mawili makubwa ya makazi katika nchi yetu. La kwanza ni kwamba makao makuu yahamie Dodoma. La pili ni kwamba wananchi wote wa vijijini waishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Lile la kwanza lilichukua zaidi ya miaka 40 kutimia, na ndilo sasa linalomhamisha mwanangu. La pili lilitekelezwa kwa miaka mitatu tu, na mamilioni ya watu wakahama. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji haviwezi kufikishwa kwa familia zilizotawanyika porini. Mimi ni mwalimu, siwezi kuibeza nia hiyo. Lakini waliochagua mahali pa vijiji mara nyingi walitumia kipimo kimoja, nacho ni barabara. Gari la wilaya likifika, basi hapo panafaa.

Nilikuwamo. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika wilaya nyingine ya mkoa wetu wa Morogoro, nami na wanafunzi wangu tulishika kamba tukapima viwanja vya kijiji kipya katika mwezi wa Agosti. Mistari ilinyooka vizuri, nikajisifu. Mwezi wa Aprili uliofuata safu mbili za chini zilikuwa ndani ya maji, na watu wakarudi kwenye mahame yao kuchukua milango na kuezeka upya. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, ninyi mnaojua kusoma, hamkusoma nyasi?" Nilicheka. Niliona ni kosa la wakubwa waliotutuma.

Kule Rufiji, ambako maji yetu haya ya Kilombero huishia, jambo kama hilo lilitokea kinyume. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, ikawatoa watu bondeni na kuwapeleka nchi ya juu, mbali na hatari. Watu walipona mafuriko, ila mashamba yao yenye rutuba yalibaki bondeni. Basi wakawa wanashuka msimu wa kilimo, wanakaa kwenye madungu, wanarudi juu baada ya mavuno. Serikali iliogopa maji, mkulima aliogopa njaa, na wote wawili walikuwa na haki. Makazi mazuri ni yale yanayowapatanisha hao wawili.

Sasa nifike kwangu. Nimezaliwa mwaka 1950 huko Mgeta, milima ya Uluguru, mahali pa baridi, ukungu na matuta ya mboga. Kwetu hofu ni mteremko: mvua ikizidi, udongo hukimbia na shamba lako. Nilisomea ualimu Morogoro, nikaoa mwaka 1972, na mwaka 1979 nikapewa nafasi ya kuwa mwalimu mkuu. Afisa aliyenipa barua alinipa hiari ya shule mbili, moja upande wa Mahenge, nyingine huku bondeni jirani na Lupiro. Mke wangu alikuwa Mgeta na watoto wetu watatu. Aliniandikia barua akisema, kama kuna hiari basi iwe Mahenge, maana kuna baridi kama kwetu na watoto hawatasumbuliwa na mbu. Barua yake ilinifikia nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimeona bonde katika mwezi wa Septemba: ardhi tambarare ambayo mtoto wa mlimani huiota usiku, udongo mweusi, mpunga wa watu ghalani. Nilimjibu kwamba nimepata mahali pazuri sana.

Nikachagua kiwanja karibu na kijito. Majani yalikuwa mabichi wakati kila mahali pamekauka, na kisima kilitoa maji kabla jembe halijachoka. Nikajenga nyumba ya miti na udongo, nikaikandika vizuri. Mzee mmoja Mndamba, jirani, alikuja akasimama, akatazama. Akaniuliza, "Mwalimu, umekwisha kupaona hapa mwezi wa nne?" Nikamjibu kwamba ardhi haihami. Mzee akaitikia, "Haya baba," akaenda zake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba "haya baba" ile haikuwa kukubali. Ilikuwa ni heshima ya mtu aliyekwisha kusema mara moja, na hana desturi ya kumrudia mwenye cheo.

Familia ilifika mwezi wa Novemba. Mwezi wa Aprili 1980 kijito kilipanda usiku. Ukuta wa jikoni ulianguka kwanza, kisha wa chumba cha watoto. Tulihamia darasani na vyombo vyetu. Siku ya tatu binti yetu wa pili, mwenye umri wa miaka minne, alishikwa na homa. Dawa tuliyoipata ilimpa nafuu ya siku moja, kisha degedege likamwanza. Hospitali ilikuwa Ifakara. Barabara ilikuwa imekatika, na kivuko hakikuweza kuvuka mto uliofurika namna ile. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tukiwa bado upande huu.

Sina mtu wa kumlaumu, wala sisimulii ili nionewe huruma. Nasimulia kwa ajili ya kilichofuata. Wazee walipokuja kutusaidia mazishi, nilidhani watauliza azikwe wapi. Hawakuuliza. Walimbeba moja kwa moja hadi kwenye mwinuko mdogo ambao macho yangu hata hayakuwa yameuona, penye miembe mikubwa na vichuguu. Huko ndiko yalikokuwa makaburi ya wazee wao wote. Tulichimba, na udongo ulikuwa mkavu hadi chini, katikati ya Aprili, wakati bonde zima limelowa. Yule mzee Mndamba alikaa kando yangu, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: mgeni akitaka kujua mahali pa kukaa, aulize wenyeji wanazika wapi, maana hakuna anayekubali maiti wake aelee.

Mwaka ule ule tukajenga upya, hatua mia mbili kutoka kwenye makaburi hayo, kwa idhini ya wenyewe. Ndipo nilipo hadi leo. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipotaja jambo la kuamua, alikuwa akiniuliza, "Umeshaamua, au unaniuliza?" Sikuwa na jibu la haraka.

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi wa bonde. Nilijifunza kusoma alama ya tope kwenye mashina ya miti. Nilijifunza kwamba mwembe mkubwa peke yake porini maana yake watu walipata kukaa hapo wakadumu. Nilijifunza hata kusoma upya daftari langu la mahudhurio. Kila Januari majina yalianza kukosa alama, na hadi Juni nusu ya darasa ilikuwa haipo. Familia zilikuwa zimehamia vibanda vya shambani kulima mpunga, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Mwanzoni niliwaita wazazi na kuwakaripia, nikiona ni uzembe. Baadaye nilielewa kwamba hawa hawakuwa wamehama makazi. Makazi yao yalikuwa na vyumba viwili, kimoja kijijini na kingine kilomita kumi huko shambani. Nikaacha kukaripia, nikaanza kutafuta nyanya na shangazi waliobaki kijijini, wakae na watoto wa madarasa ya juu. Hatukumaliza tatizo, ila tulipunguza.

Niliwaona pia wengine wakija kuchagua. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, iliwavuta wengi upande wa pili wa mto, wakajenga karibu na stesheni za Mang'ula, Mbingu, Chita na Mlimba. Wao walichagua kwa sikio: walitaka kusikia garimoshi. Walipata soko la mpunga na ndizi, na watoto wao wakaona miji. Kisha, kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea, walikuja wafugaji, Wasukuma wengi wakiwa miongoni mwao, na ng'ombe zao. Hao walichagua kwa jicho la malisho, wakakaa pembezoni, kila mji mbali na mwingine. Walituletea plau la kukokotwa na ng'ombe, nasi tuliokuwa tukilima kwa jembe la mkono tukapanua mashamba. Lakini mifugo iliongezeka, mashamba nayo yaliongezeka, na bonde halikuongezeka. Ugomvi wa mazao na ng'ombe ukawa wa kila mwaka, na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde. Niliwaona wanafunzi wangu wa zamani wakipakia mabati kwenye malori, watu waliodhani wamekwisha kufika. Mtu anaweza kuchagua vizuri udongo, maji na malisho, na bado akawa hajamwuliza aliye karibu naye kama nafasi ipo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mahali hubadilika. Wapo wanaosimulia kuwa jina la Ifakara lenyewe limetokana na maneno ya kufa. Tangu mwaka 1957, Waswisi walipofungua maabara yao pale, watafiti wamekuwa wakihesabu mbu wa bonde hili, na hapa Lupiro wamejenga vibanda vya majaribio kwa ajili ya kuwanasa. Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Niliposoma tarakimu hiyo niliweka miwani chini. Mto nao umepata daraja la mita 384, ambalo Rais John Magufuli alilizindua mwaka 2018. Miaka miwili kabla, Januari 2016, kivuko kilikuwa kimepinduka. Mtoto akiugua leo usiku wa masika hapa Lupiro, gari linavuka. Basi nisimtishe mtu kwa habari za mwaka 1980 kana kwamba ni za leo. Lakini daraja na chandarua vilikuja baada ya wengi kulipa, na mwenye kuhama hawezi kuwachukua wanawe akategemea yatakayokuja.

Siku ya nne nikampigia mwanangu. Nilimwambia kwamba orodha yake ni nzuri, ila yote aliyoandika ni ya kiangazi. Nikampa maswali matatu ya kuongeza. La kwanza: nenda kapaone mvua inaponyesha, tena mvua kubwa, uangalie yale makorongo makavu yanafanya nini. Dodoma ni nchi kame, na nchi kame hudanganya kuliko bonde, kwa maana mtu hujenga ndani ya njia ya maji akidhani ni uchochoro. La pili: usimwulize dalali. Mtafute mzee Mgogo aliyezaliwa hapo kabla viwanja havijapimwa, umsalimie vizuri, umwulize walikuwa wanalisha wapi, wanachota wapi na wanazika wapi. Akikujibu kwa kifupi sana, usiridhike. Rudi tena kesho. La tatu nilikuwa nikilitafutia maneno, mama yake akanyoosha mkono akataka simu.

"Mkeo amepaona?" akamwuliza.

Kimya kidogo. Kisha kijana akasema, "Bado, mama. Nilitaka nikishapata ndipo nimwambie."

Mke wangu alinitazama, hakusema neno, akanirudishia simu.

Walikwenda wote wawili mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, wakazunguka siku tatu na viatu vyao vya tope. Wamepanga Nzuguni kwanza, na wamekubaliana wasinunue kiwanja popote hadi wapitishe masika moja nzima. Mkwe wetu ndiye aliyeichagua nyumba. Nimeambiwa ni ndogo kuliko ile aliyoitaka mwanangu, na nauli ni kubwa zaidi. Sikutoa maoni. Kuhusu makazi, mimi nilikwisha kutoa maoni yangu mwaka 1979, na kila jioni nikipita chini ya ile miembe kwenda nyumbani ninaupita mwinuko ambapo yamelala majibu yake.